Daraja la Kiunoni

Mnazi wangu wa kwanza niliukwea nikiwa na miaka kumi na mitatu, shambani kwa ami yangu, nyuma ya Shela, kisiwani Lamu, pale vilima vya mchanga vinapoanza. Ami alinipa kitanzi cha usumba cha kutia miguuni na kipanga cha kuchomeka kiunoni kwa nyuma, akasema, "Haya, kwea. Usitazame tini wala yuu, tazama gome." Vifaa vya kazi vilikuwa hivyo viwili tu. Ujira ulikuwa nazi mbili kwa kila mnazi, na dafu la kunywa papo hapo ukishuka.

Nilifanya hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Mkwezi wa zamani alikuwa ndiye ngazi mwenyewe: nyayo, magoti, kifua, vyote vina sugu. Juu kileleni ukishapenya katikati ya makuti unakaa kama mfalme, mlango wa bahari wa Manda mbele yako, na mnara wa Msikiti wa Ijumaa, ule uliojengwa 1829, unaonekana mfupi kuliko wewe. Raha yake siwezi kuieleza. Lakini kati ya wakwezi niliokua nao, watatu walianguka, na mmoja wao hakuamka tena. Kusi ikivuma mnazi huyumba, na gome likiwa na umande huwa kama sabuni.

Kazi ikabadilika bila mtu kutuuliza. Wageni walinunua magofu ya mawe, wakayatengeneza, wakaweka mabwawa ya kuogelea chini ya minazi ileile tuliyokuwa tukiangua nazi za kupikia. Wenye nyumba hawa hawataki nazi. Wanataka isimwangukie mgeni kichwani. Kisha wakaanza kuniitia mikwaju, mikungu na miarobaini iliyolalia mapaa ya makuti. Hapo ndipo nilipokwama. Mnazi ni mti wa mwendo mmoja, kupanda na kushuka. Mkwaju una matawi. Lazima utoke shinani uende hadi ncha ya tawi, msumeno mkononi, na huko hakuna cha kukumbatia. Kitanzi cha miguuni hakina kazi.

Mwaka 2006 mgeni mmoja kutoka Uingereza, ambaye kazi yake kwao ni kupanda na kukata miti, alinikuta nimepanda tawi la mkwaju kama mtu aliyepanda punda, msumeno nimeuning'iniza shingoni kwa kigwe. Hakusema kitu. Alikaa chini ya ukuta mpaka niliposhuka. Alikuwa Shela kwa wiki mbili, na kila alasiri baada ya sala tulikutana chini ya mti. Alipoondoka aliniachia mkanda wake wa zamani wa kukwelea, kamba ndefu, na karabina nne. Karabina ni pete ndefu za chuma zenye mlango unaojifunga.

Jina alilouitia mkanda ule lilikuwa "tandiko", kwa lugha yake. Vijana wa barazani walipolisikia tafsiri yake hawakuniachia. "Ami, ushatandikwa, imesalia sogi tu!" Katika kijiji ambako mizigo mingi hubebwa na punda, utani huo ulidumu mwaka mzima.

Tandiko lenyewe ni mshipi mpana wa kiunoni na mikanda miwili ya mapaja, unakalia kama kwenye kiti. Mbele, toka pete ya nyonga moja hadi ya nyonga ya pili, unapita ugwe mmoja mfupi mnene, uliofungwa fundo kila upande. Huo ndio unaoitwa daraja. Sisi tuliozaliwa kisiwani, ambao kwenda Mokowe, bara, ni kwa mashua, tuliona ni kichekesho mtu kuvaa daraja tumboni. Lakini jina lilikuwa sawa. Kwenye daraja hilo hutembea pete, na kwenye pete hufungwa kamba kuu inayotoka juu ya mti. Ukijigeuza kulia pete inateleza kulia, ukijigeuza kushoto inakufuata, nawe unabaki wima bila kusokotwa. Mwili wako wote, msumeno wako na watoto wako nyumbani, vyote vinaning'inia kwenye ugwe huo wenye unene wa kidole.

Tandiko lilikuja na pete moja ya darajani. Baada ya miezi michache nikaona haitoshi. Nilitaka sehemu ya pili ya kufungia gofia, nijivute nikiwa pembezoni mwa tawi. Pete haina mlango. Ni duara zima. Ili kuiingiza ya pili, lazima ufungue fundo la daraja upande mmoja, uivishe, ufunge tena. Nami niliyaogopa yale mafundo. Sikuyafunga mimi, nikaona nikiyagusa nitaharibu kazi ya mtu anayejua. Kwa hiyo nikatafuta chuma kinachofunguka. Marehemu baba yangu alikuwa baharia, na katika kikapu chake cha vyombo vya jahazi nilipata shakeli: kile chuma chenye umbo la kwato ya punda, kinachofungwa kwa msumari wa kuzungusha. Kilikuwa kizito, kiking'aa, kimewahi kubeba foromali, ule mti wa tanga. Nikakivisha darajani, msumari ukilalia ugwe, nikakaza kwa koleo. Na kwa kuwa kilionekana madhubuti kuliko pete, nikahamisha kamba kuu nikaifunga kwenye shakeli, gofia nikaiacha kwenye pete.

Ulikuwa mwembe mkubwa, nyumba iliyo karibu na vilima. Asubuhi nzima nilikata upande mmoja: naenda kulia nikiwa nimening'inia kwa uzito wangu wote, narudi kushoto nikikanyaga tawi, mwepesi. Kulia kwa uzito, kushoto bila uzito. Saa nne hivi niliinama kutoa vumbi la mbao jichoni, nikaona msumari wa shakeli umetokeza nje. Yalibaki meno mawili, pengine matatu. Ugwe wa daraja, kila ulipoteleza juu ya msumari ukiwa umebeba uzito, ulikuwa ukiuzungusha kidogokidogo kama mkono unaofungua chupa.

Sikumbuki kuvuta pumzi. Nilikumbatia shina kwa magoti, namna ya ami, nikazungusha kamba fupi ya kiunoni nyuma ya mti, nikaifunga kwenye pete za nyonga, upande huu na huu. Nikaiegemea. Uzito ulipotoka darajani, nilijaribu msumari kwa vidole viwili tu. Ulitoka wenyewe.

Lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nalijua jambo lile. Baba hakuacha shakeli hata moja jahazini bila kupitisha waya kwenye tundu la msumari na kuufunga usizunguke. Na hakukubali kamba inayotembea ipite juu ya msumari. Ilipita upande wa mviringo. Nililelewa na sheria hiyo, nikaiacha pwani siku nilipopanda mti, kana kwamba kamba ya majini na kamba ya mtini hazijuani. Kosa halikuwa la shakeli. Chuma kile kilikuwa na nguvu za kutosha kuinua ng'ombe. Nilichokosea ni mahali pa kukikalisha.

Nilimpigia simu yule Mwingereza. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaniambia nikae barazani na daraja mapajani, nifungue fundo moja na kulifunga, mara hamsini. Nilifanya. Ni fundo la kuziba tu, la mizunguko miwili, kubwa kiasi cha kutopita kwenye tundu la pete ya nyonga. Mtoto yeyote wa mashua angelielewa kwa dakika. Likishafungwa hulivuta kwa uzito wote wa mwili nikiwa shibiri moja kutoka ardhini, na huacha mkia usiopungua upana wa kiganja. Tangu hapo kila kinachokaa darajani kwangu ni pete nzima isiyo na mlango wala msumari. Karabina hazigusi ugwe, zinashika pete. Chuma kwa chuma ni sawa, ila chenye mlango hakilali juu ya kamba inayoteleza, kwa sababu kamba itauchezea mlango mpaka siku moja uitike.

Tena nilijifunza kusoma. Kwenye mgongo wa karabina zangu pamechongwa namba, na kwa miaka nilidhani ni bei au mwaka. Ni kilonewtoni: 23 kwa urefu, 8 ikivutwa kwa ubavu. Kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100. Kwa hiyo karabina ileile inayobeba tani mbili na zaidi ikikaa sawa, ikilala ubavu hupoteza karibu theluthi mbili za nguvu zake. Ndiyo maana siku hizi kabla ya kuachia shina huitazama imelalaje, nikausikiliza mlango ukijifunga, nikauminya kuhakikisha. Vijana wananiona mzee mwenye wasiwasi.

Mmoja wao, mtoto wa dada yangu, nilimkamata chini ya mkungu amefunga kamba kuu kwenye kile kitanzi cha ubavuni cha kuning'inizia msumeno. Kwa macho kinafanana na sehemu ya tandiko. Kwa nguvu hakizidi mpini wa kikapu. "Njoo hapa," nikamwambia. Sikumgombeza. Nilikivuta kwa mikono miwili mpaka uzi ukakatika mbele yake. Tandiko likaharibika, lakini hajarudia.

Na Shela ina maadui zake ambao huko Uingereza hawawajui. Chumvi hula milango ya karabina. Mchanga wa vilima, laini kama unga, huingia ndani ya ugwe na kuukata nyuzi toka tumboni, kwa nje ukionekana mzima. Kila Alhamisi huosha vyombo kwa maji baridi ya kisima, nikavianika kivulini maana jua nalo hudhoofisha kamba. Kisha hulipitisha daraja kati ya vidole nimefumba macho. Pahali palipo laini kupita kiasi, au pagumu kama kifundo, panatosha kuliondoa daraja. Halisubiri wiki ijayo. Daraja kuukuu hulikata vipande viwili kabla ya kulitupa, kwa kuwa nyumbani kwetu kamba haitupwi ikakosa wa kuiokota. Kipande kimoja sasa kinafungia punda.

Shakeli ya baba bado ipo. Mwanangu ameifunga kwenye henza ya mashua yake, na msumari wake umepigwa waya.