Kuzimua

Mahubiri juu ya ubaya wa pombe ni mengi katika Songea yetu, wala sina haja ya kuyaongeza. Ulanzi wa mianzi una majira yake ya mvua. Komoni haina majira. Na gongo, ijapokuwa ni haramu kisheria, haikosi mnywaji. Hatari isemwayo kwa nadra ni ile ya kuacha ghafula.

Lugha yetu ina neno kuzimua. Mnywaji wa miaka mingi huamka mikono ikitetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki, jasho likimtoka na moyo ukimwenda mbio. Apatapo mafunda mawili ya pombe, hutulia. Watu humcheka wakidhani ni ulafi. Mimi naona ni mgonjwa ajitibuye. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku hujikaza kushindana nayo. Pombe ikiondoka ghafula, mkazo ule hubaki bila mpinzani, kama mtu asukumaye mlango kwa nguvu na mara ukafunguliwa.

Mitetemeko huanza katika siku ya kwanza. Kifafa chaweza kumwangusha kabla siku mbili hazijatimia. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao hupatwa na wazimu wenye homa, ambao usipotibiwa huweza kuua. Zamani waganga walibishana kama chanzo ni pombe yenyewe au kukosekana kwake, mpaka mwaka 1955, Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Marekani, walipowanywesha wanaume waliojitolea kwa majuma mengi kisha wakawakatizia. Jaribio hilo lilikuwa kali mno, lakini lilimaliza ubishi.

Baba yangu mdogo alilazwa kwa kuvunjika mguu. Siku ya tatu akaanza kuokota siafu shukani, siafu wasioonekana na mwingine yeyote. Huyu akasema malaria imempanda kichwani, yule akasema amerogwa. Muuguzi kijana wa zamu ya usiku ndiye aliyeuliza, “Mama, baba huyu alikunywa lini mara ya mwisho?” Shangazi akainama, akajibu kwa sauti ndogo, “Jumapili.”

Damu ilipimwa malaria vilevile, maana ugonjwa mmoja hauzuii mwingine. Akapewa dayazepamu, iliyopunguzwa siku hadi siku, na sindano za vitamini B1 kabla ya maji ya sukari, kwani sukari ikitangulia yaweza kumaliza akiba ndogo ya vitamini hiyo na kuudhuru ubongo. Dayazepamu hutuliza ubongo kwa njia iliyo jirani na ya pombe. Basi daktari naye huzimua, ila kwa kipimo na kwa mwisho unaojulikana.

Wako wanywaji ambao jamaa zao, kwa mapenzi kabisa, huwafungia chumbani waache kwa lazima. Mnywaji wa kila siku, hasa aliyewahi kuanguka kifafa, apelekwe hospitali kabla hajaacha, na amsindikizaye aitaje bila haya saa ya kikombe cha mwisho.