Hita ikivuja, usikinge ndoo tu

Hapa Misunkumilo, Mpanda, wengi tunachemsha maji ya kuoga kwenye jiko la mkaa. Ukipanga nyumba yenye hita unajiona umeukata. Subiri ivuje! Yangu ilipoanza, mwenye nyumba akaniambia, "Kinga ndoo, kijana." Jamani, maji na umeme haviivi chungu kimoja, mtu anakufa hivi hivi. Nikazima swichi kubwa kwa mkono mkavu, nikafunga koki, nikamwita fundi. Akasema valvu kudondosha matone hita ikiwaka si ajabu, maji ya moto hutanuka. Ila tangi likitoboka kwa kutu, dawa ni jipya. Langu limetoboka. Basi kodi ijayo itabaki mfukoni mpaka tangi lije. Ukiniita mkorofi, njoo uoge wewe!