Maji Yanayouma

Kijana wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa, alituambia mara mbili kwamba furu wake wamemuuma, na mara zote mbili tulicheka. Leo twaona haya kukikumbuka kicheko kile, lakini tumeonelea ni bora tuwaeleze wasomaji wetu, khasa wenye watoto nyumbani.

Sisi twakaa Mwanza, juu ya majabali ya Kirumba, mahali ambapo ziwa laonekana dirishani. Watoto wa hapa humjua sangara na sato wangali wachanga, kwani huwaona mwaloni kila siku. Furu ni khabari nyingine. Wazee wetu waliwavua samaki hao wadogo kwa wingi. Kisha sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaenea, na katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikatoweka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, waliushuhudia msiba huo kwa macho yao, na aina nyingine leo huzaliana katika matangi ya vioo ng'ambo. Basi kijana alipotuomba tangi la kioo awafuge furu wachache waliopatikana kandokando ya mawe, hatukuwa na moyo wa kumkatalia.

Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana 40 na kina 40, yaani lita 144 likijaa; na kila lita ya maji ni kilo moja. Likishajaa halisogezwi tena. Hapo ndipo tulipokosea. Tulichagua kwanza mahali penye mwanga mzuri, tukajaza maji, ndipo tukauliza soketi iko wapi. Ilikuwa ukuta wa pili. Tukavuta ekstensheni sakafuni, tukaiweka chini ya meza ya tangi, tukachomeka pampu ya kuchuja maji na taa. Waya zikashuka moja kwa moja kutoka mdomo wa tangi kama kamba za ndoo kisimani. Wageni walisifu.

Jioni moja, Magharibi ikikaribia, mama yao alipita hapo akiwa ametoka kutawadha, miguu ingali na maji. Aliona jani linaelea, akatia kidole kulitoa. Alirudi nyuma kwa kishindo, akaushika mkono wake, akatutazama.

"Yule mtoto hakusema uongo," alisema.

Fundi mwenye leseni alikuja siku ya pili. Hakuwatazama samaki, alipiga magoti akatazama chini ya meza. Alituonyesha mstari mweupe wa maji yaliyokauka juu ya waya, toka tangini mpaka sentimita chache tu juu ya ekstensheni. Kisha akaitoa pampu: ganda lake lilikuwa na ufa, na umeme ulikuwa ukivuja majini. Mwisho alikwenda nje kuitazama fimbo ya shaba ya ethi, akakuta imeingia shibiri mbili tu, kwani nyumba imekaa juu ya jabali, na jabali kavu halipitishi umeme vizuri.

"Mzee," alituambia, "umeme huu ulikuwa ukingoja mtu wa kupitia."

Tulimuuliza mbona samaki hawakufa. Alijibu kwamba samaki yu ndani ya maji, kioo na meza ya mbao vimemtenga na ardhi, kwa hiyo umeme hauna njia ya kutokea katika mwili wake, kama ndege atuaye juu ya waya. Lakini mtoto asimamaye pekupeku juu ya saruji mbichi huwa ndiye njia. Na sisi tulikuwa tukiwatazama furu wakicheza, tukajiona salama! Tena akatuambia kuwa fyuzi ya plagi hulinda waya usiungue, wala haikuwekwa kulinda mwili wa mwanadamu.

Aliweka kwenye sakiti ile kifaa kinachokata umeme uvujao ukifika miliampea 30, akaitengeneza ethi upya mahali penye udongo. Soketi mpya akaipandisha hadi sentimita 150 ukutani, juu ya mdomo wa tangi, na nusu mita kando yake, ili maji yakirushwa na samaki yasiifikie, na mkono wa mtu uifikie bila kupita juu ya maji. Kila waya aliuacha uning'inie chini ya soketi kwanza, ndipo upande; tone likiufuata waya litaishia kwenye tumbo lile na kudondoka. Pampu ndogo ya hewa aliiweka juu ya usawa wa maji, kwani umeme ukikatika maji huweza kurudi kwa mpira wake mpaka ndani ya pampu. Ekstensheni tuliitoa kabisa.

Juzi usiku umeme ulikatika. Tulimkuta kijana gizani, amesimama juu ya ndara zake, anazima swichi ya soketi na kuchomoa plagi. Tulimuuliza azima nini na umeme haupo.

"Utarudi, baba," alijibu, kisha akakunja mkono wa kanzu.