Kura Zetu na Mabenchi ya Kanisa

Kwetu Kilimanjaro, mtu akikuuliza unasali wapi, anataka kujua unatoka upande gani wa mlima. Kibosho ni Wakatoliki, Machame ni Walutheri, na jibu lako halimwambii lolote kuhusu kura yako. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wamoraviani walishika Rungwe na Tabora, Waanglikana wakawa Dodoma, Tanga na Masasi, AIC ikaenea Usukumani, na Wamenoni wakaanzia Shirati mwaka 1934. Babu zetu walibatizwa na aliyewafikia kwanza, nasi tukarithi kanisa kama tulivyorithi kihamba, shamba la ukoo.

Hapa Minnesota ninakoishi, swali hilohilo huulizwa kwa tahadhari, hasa mwaka wa uchaguzi. Ukitaja usharika wa ELCA, kanisa la Kilutheri la Marekani, wenye bendera ya upinde wa mvua mlangoni, mwenzako ameshajua, au anadhani ameshajua, umempigia nani kura. Ukitaja Missouri Synod, ambao nao ni Walutheri, anakuhesabu upande wa pili. Na mara nyingi hakosei sana, ingawa kuna wakati anakosea.

Ajabu ni kwamba mimbarini kwetu jina la mgombea halisikiki. Tangu 1954 ipo sheria, iliyoletwa na Lyndon Johnson alipokuwa seneta wa Texas, inayozuia taasisi zilizosamehewa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia mgombea debe. Wapo wahubiri wanaoikiuka, lakini mchungaji wetu hajawahi, na sidhani kama ana haja. Kwetu maombi ya watu wote yanawataja wakimbizi na mabadiliko ya tabianchi. Kwenye kanisa la mtaa wa tatu yanawataja watoto ambao hawajazaliwa. Jina la mgombea kila mtu hujijazia mwenyewe.

Mfano mzuri wa mgawanyiko huo ulitokea Minneapolis mwaka 2009. Mkutano mkuu wa ELCA ulikutana mwezi Agosti, na kati ya ajenda zake kulikuwa na suala la mapenzi ya jinsia moja. Tarehe 19, saa chache kabla ya kupiga kura, kimbunga kilipita katikati ya jiji na kuharibu mnara wa Central Lutheran Church, jirani kabisa na ukumbi wa mkutano. Jioni hiyo tamko la kanisa kuhusu jinsia lilipita kwa kura 676 dhidi ya 338, yaani theluthi mbili kamili. Siku mbili baadaye wakafungua njia kwa wachungaji wanaoishi na wenzi wa jinsia yao. John Piper, mchungaji wa Kibaptisti wa jijini humo, aliandika kwamba kimbunga kile kilikuwa onyo la Mungu. Wengine walijibu kwamba Agosti ni msimu wa vimbunga. Sharika mamia zilijitoa, na mwaka uliofuata likaanzishwa dhehebu jipya, NALC. Huko nyumbani kanisa letu la Kilutheri, KKKT, lilitoa Tamko la Dodoma, Januari 2010, kuikataa ndoa ya jinsia moja, huku ushirika kati ya Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, ule wa Bega kwa Bega, ukiendelea. Sharika za pande hizo mbili bado zinaombeana na kutembeleana. Ukitaka kujua Walutheri tunavyoishi na mikanganyiko, anzia hapo.

Lakini suala la jinsia peke yake halielezi kura za Marekani. Wainjilisti Weupe wanane hivi katika kila kumi walimchagua Trump mwaka 2024. Kwa Waprotestanti Weusi, zaidi ya wanane katika kumi walimchagua Kamala Harris. Wote wanasema wameokoka. Wote wanainua mikono wakiimba, na wengi wa makanisa yote mawili wangeona maadili yangu ya kifamilia kuwa legelege. Tofauti naiona kwenye kitabu cha Kutoka. Kanisa la watu Weusi lilizaliwa utumwani na kwenye ubaguzi. Kanisa lao la AME lilianzishwa Philadelphia mwaka 1816 kwa sababu Richard Allen na wenzake walichoka kudhalilishwa kanisani na Weupe. Wao wakisoma habari za Farao wanamwona mtu mwenye polisi na mahakama. Jirani yangu Mbaptisti Mweupe, mtu mwema aliyenisukumia gari kwenye theluji, akisoma Kutoka anaona roho yake ikitolewa dhambini. Kwake dhambi ni ya mtu binafsi, kwa hiyo dawa yake ni toba, na serikali isiingilie mno.

Sasa turudi Machame. Baba yangu mdogo ni mzee wa kanisa na ni mwenyekiti wa tawi la CCM. Mwalimu wa kwaya ni Chadema wa kutupwa. Wanakaa benchi moja, na ibada ikiisha wanapandishiana bei kwenye mnada wa ndizi, mmoja akisema elfu kumi, mwingine kumi na tano, mpaka mkungu unauzwa kwa bei ya mbuzi na jengo la mchungaji linapata bati.

Imani imewaumba wote wawili, kila mmoja kivyake. Baba mdogo ni mtoto wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Afrika Mashariki. Kwake dunia inapita. Warumi 13 imesema, na serikali ni ya kuombewa. Mwalimu wa kwaya naye hatoi hoja zake kwenye kitabu cha Amosi tu, anazitoa pia kwenye matangazo ya kanisani. Kila Jumapili katibu anasoma sadaka ya wiki iliyopita mpaka mia ya mwisho. Wazee wa kanisa wanapigiwa kura, na muda wao una mwisho. Kama sisi wakulima tunaweza hivyo, anasema, halmashauri inashindwaje?

Mwaka 2018, kuelekea Pasaka, maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa «Taifa Letu, Amani Yetu», wakigusia utekaji, uhuru wa maoni na Katiba Mpya. Kuna sharika ambako haukusomwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ikatoa barua ya kutaka ufutwe, kisha waziri mwenyewe akasema barua hiyo ni batili. Nilimpigia baba mdogo, nikamwamkia, nikamuuliza anaonaje. «Mwanangu, maaskofu wamepewa kondoo, hawakupewa wabunge.» Jumapili iliyofuata alikuwa benchini kwake kama kawaida, pembeni ya mwalimu wa kwaya aliyeutunza waraka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Hapa Minnesota, mmoja wao angekuwa amehama usharika kabla ya Pentekoste.

Hata ng'ambo ya mpaka, waumini hawafuati maaskofu kama mkia. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa ya Kenya walihubiri «hapana» kwa Katiba, kwa sababu ya mahakama za kadhi na suala la utoaji mimba. Ilipita kwa takriban theluthi mbili ya kura, katika nchi yenye Wakristo wengi.

Napenda benchi la Machame kuliko utulivu wa hapa, ambako tunakubaliana kabla hata hatujaketi. Ila nisilisifu kupita kiasi, maana Dar inabadilika. Mjini kanisa halirithiwi tena. Kijana anachagua mhubiri. Juni 2025 serikali ilifuta usajili wa kanisa la Ufufuo na Uzima la Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa CCM wa Kawe, baada ya yeye kukemea utekaji, na kuanzia hapo kusali Ufufuo na Uzima kukawa na maana ambayo mwanzo hakukuwa nayo. Kwenye nyumba ya dada yangu kule Mbezi, binti alihama usharika kwa kuwa mchungaji hakuwaombea waliopotea. Kaka yake alihama kanisa lake la kilokole kwa kuwa mhubiri alizidisha siasa. Dada na shemeji wamebaki KKKT. Jumapili mchana wanakula pamoja, mahubiri hayatajwi, wanaongelea Simba na Yanga.