Kijana Aliyerudi

Urafiki wa watu wa umri mmoja haustaajabishi. Walicheza pamoja, waliogopa fimbo moja, na wakikutana ukubwani wana mengi ya kukumbushana. Urafiki wa kijana na mzee ni jambo jingine. Kati yao pana miaka 30, 40 au 50 ambayo mmoja aliiishi wakati mwenziwe hajazaliwa, na aghalabu kila upande hujaribu kuivuka miaka hiyo kwa daraja la maneno. Mzee hunasihi, kijana husikiliza, au hujifanya kusikiliza. Daraja hilo halichukui mzigo mkubwa. Siku mzee anapochoka kusema, au kijana anapochoka kusikia, kila mmoja hubaki ng'ambo yake.

Fikira hizi zilinijia kwa kutazama sinema fupi ya dakika 30. Jina lake kwa Kifaransa ni L'homme qui plantait des arbres, yaani Mtu Aliyepanda Miti. Ilitolewa mwaka 1987 na Radio-Canada, na aliyeichora ni Frédéric Back, mtu aliyehamia Kanada mwaka 1948 na kufariki Montréal mwaka 2013. Hamna waigizaji ndani yake. Kila kinachoonekana kilichorwa kwa kalamu za rangi, mchoro baada ya mchoro, maelfu kwa maelfu, katika kazi ya miaka ipatayo mitano. Mwaka 1988 ilipewa tuzo ya Oscar ya sinema fupi za kuchorwa, nayo ilikuwa ya pili kwa Back baada ya ile ya mwaka 1982. Kisa chenyewe ni cha Jean Giono, mwandishi wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1895 na kufa mwaka 1970. Alikiandika mwaka 1953. Sauti ya msimulizi katika Kifaransa ni ya Philippe Noiret, na katika Kiingereza ni ya Christopher Plummer.

Mwaka 1913, kisa chasema, kijana mmoja alikuwa akienda kwa miguu katika milima mikavu ya Provence, kusini ya Ufaransa. Alikuta kijiji kilichokuwa magofu, chemchemi imekauka na upepo unanguruma ndani ya nyumba zisizo mapaa. Kiu ilimwelemea. Mbali akaona kitu cheusi kimesimama, akadhani ni shina la mti. Kumbe ni mchungaji mwenye kondoo wapatao 30. Mzee yule alimpa maji ya kibuyu, akamchukua nyumbani kwake, akamnywesha supu na kumpa mahali pa kulala. Usiku alimwaga mfuko wa mbegu za mwaloni juu ya meza, akazichambua moja moja hata akatenga nzuri 100, kisha akaenda kulala. Kijana alitaka kumsaidia. Mzee alimjibu kwamba kazi ile ni yake mwenyewe.

Asubuhi walifuatana mlimani, na kijana akamwona akitoboa ardhi kwa ufito wa chuma, akitia mbegu na kufukia. Ardhi ile haikuwa mali yake, wala hakujua ni ya nani. Katika miaka 3 alikuwa amepanda mbegu 100,000. Zilizoota zilikuwa 20,000, na katika hizo alitazamia kupoteza nusu. Jina lake lilikuwa Elzéard Bouffier, umri wake miaka 55. Alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee, kisha na mkewe.

Vita vya mwaka 1914 vilimchukua kijana kwa muda wa miaka 5. Mwaka 1920 alirudi milimani. Alidhani mzee amekwisha kufa, kama vijana wadhaniavyo juu ya kila mtu aliyepita miaka 50. Alimkuta mzima wa afya. Kondoo walikuwa wamebaki 4 tu, kwa kuwa walikuwa wakila miche, na mahali pao palikuwa na mizinga 100 ya nyuki. Miti iliyopandwa mwaka 1910 ilikuwa imewapita wote wawili kwa urefu. Kijana alikosa la kusema, na mzee hakuwa msemaji. Basi walitembea msituni siku nzima, kimya, bega kwa bega. Tangu mwaka huo kijana hakuacha kumzuru mzee wake walau mara moja kwa mwaka, na mara ya mwisho walionana Juni 1945. Mzee alikuwa na miaka 87. Alifariki mwaka 1947 katika nyumba ya wazee ya Banon.

Watu wengi huitaja sinema hii kwa ajili ya miti, nao wana haki. Mwanzo wake ni wa rangi ya udongo na majivu, kisha rangi nyingine huingia polepole, kijani na samawati na manjano, hata mwishoni macho hushiba. Lakini nilipoitazama mara ya pili nilijiuliza swali dogo: kijana yule alifanya kazi gani katika hadithi hii? Hakupanda hata mbegu moja. Lau tungemwondoa, msitu ungeota vilevile. Kwa nini basi moyo hauguswi na msitu peke yake, ila na wale watu wawili wanaotembea chini ya majani bila ya neno?

Katika fikira yangu, kijana alitoa vitu vitatu, na vyote vitatu ni vya rafiki. Kwanza, alipoambiwa kwamba kazi si yake, alikubali. Hakung'ang'ania kufundishwa, wala hakuona kwamba kukataliwa ni kudharauliwa. Pili, alitumia alichokuwa nacho wakati ulipofaa. Wakubwa wa serikali walipokwenda kuutazama msitu mwaka 1935, wakistaajabu kwamba umejiotea wenyewe, kijana alimpeleka kwa mzee rafiki yake mmoja aliyekuwa ofisa wa misitu, akamweleza ukweli. Na kwa ajili ya ofisa huyo wakawekwa walinzi 3 kuulinda msitu na wachoma makaa. Tatu, alirudi. Alirudi mwaka baada ya mwaka, katika amani na baada ya vita, mzee akiwa na la kusema au hana. Kitu hiki cha tatu ndicho kilichovibeba vile viwili.

Nilipata hakika ya jambo hili kwa mtu ambaye hakusoma Kifaransa. Mtaani kwetu, katika mji mmoja wa pwani, alikuwako mzee aliyeshona nyavu zilizochanika. Alipokuwa kijana alivua. Magoti yalipomshinda alikaa barazani na sindano yake ya mti, na wavuvi wakampelekea nyavu zao. Mimi nilizoea kupita kwake kila likizo. Nilimwamkia, nikakaa, na mara nyingi saa nzima ilipita hatujazungumza ila habari ya chai.

Mwaka mmoja walimjia wanafunzi wa chuo fulani wakiwa na vinasa sauti. Walikuwa wakikusanya maneno ya bahari. Aliwapa kaskazi na kusi, maleleji, matlai na umande. Akawatajia samaki, nyota na miamba. Walimshukuru kwa adabu, wakapiga picha, wakaenda zao. Kazi yao ilikuwa njema, na bila ya shaka maneno yale yamehifadhiwa mahali salama. Lakini kwa muda wa miezi mingi mzee aliniuliza, "Mjukuu wangu, wale watoto watarudi lini?" Sikuwa na jibu la kumpa, maana hawakuwa wameacha ahadi.

Alasiri moja nilimpelekea sinema hii katika kompyuta ndogo. Nilimfasiria neno kwa neno, naye aliendelea kushona. Tulipofika mahali pa kijana kutoka vitani na kutembea na mzee msituni, nilinyamaza, maana hapakuwa na la kufasiri. Na hapo mzee aliweka sindano chini. Ilipokwisha nilitazamia aulize habari ya miti, mbegu au mvua. Alisema, "Yule kijana alirudi." Baada ya kitambo akaongeza, "Wanaokuja ni wengi, mjukuu wangu. Wanaorudi ni haba."

Mwaka 1960, mbele ya UNESCO, Amadou Hampâté Bâ wa Mali alifananisha kifo cha mzee wa Afrika na kuungua kwa maktaba. Usemi ule ulikuwa wa haki na ulifika wakati wake. Elimu isiyoandikwa ilikuwa ikidharauliwa, naye aliipigania kwa lugha ambayo wenye maktaba wangeielewa. Lakini kila mfano una mpaka. Maktaba haimngojei msomaji wake. Haihesabu siku tangu alipotoka, wala haimuulizi jirani kama atarudi. Msomi akishanakili alichokitaka, yeye na maktaba hawadaiani. Basi hatari yetu sisi watu wa vyuo ni kuuchukua mfano kuwa ndio kitu chenyewe, tukawaendea wazee kama watu wanaookoa vitabu motoni, mikono imejaa na macho yameelekea mlangoni. Vitabu huokoka hivyo. Mzee hubaki ndani.

Pengine mtu atasema kwamba mfano wangu nao ni dhaifu, kwa kuwa Bouffier hakuwako. Ni kweli. Katika barua aliyoiandika mwaka 1957 Giono alikiri kwamba mchungaji wake ni wa kubuni, na kwamba nia yake ilikuwa kuwafanya watu wapende miti, au hasa wapende kuipanda. Wako waliohuzunika kwa habari hiyo kama walioibiwa. Mimi naona kwamba kisa cha kubuni kilikuta wenziwe wa kweli. Katika Kenya, tangu mwaka 1922, palikuwako chama cha wapanda miti kilichojiita Watu wa Miti. Na mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, ambayo wanawake wake walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30 alipopewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004. Wangari ameeleza jinsi mama yake alivyomkataza utotoni asiokote kuni za mugumo, kwa kuwa ule ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto hakupewa sababu za elimu ya udongo na maji; alipewa neno la mkubwa anayempenda. Sababu alizipata baadaye katika masomo, naye alirudi nazo kwenye neno lile akakuta halijachakaa.

Nilimwambia mzee wangu kwamba yule mchungaji alitungwa. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Na kijana naye katungwa?"

"Naam, babu, naye pia."

"Basi hiyo ndiyo hasara," akasema, akaichukua sindano yake.

Jibu lile nimelizungusha moyoni mara nyingi. Kwake yeye haikuwa ajabu kwamba mzee mmoja afanye kazi kwa miaka 30 bila ya kutazamwa. Wazee wa namna hiyo aliwajua, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Ajabu ilikuwa kijana anayejua njia ya kurudi. Na tukiitazama dunia ya leo twaona sababu. Masomo hututoa vijijini na mitaani kwetu tungali wadogo; kazi hutupeleka mbali zaidi; na tunaporudi, twarudi kwa arusi au kwa matanga, katikati ya mkusanyiko, ambapo hapana nafasi ya kukaa saa nzima kimya na mtu mmoja. Heshima hatujaipoteza. Twaamkia, twapeleka zawadi, twatuma fedha. Lakini heshima yaweza kutumwa kwa mkono wa mtu mwingine. Urafiki hauna tarishi.

Wala tusidhani kwamba katika urafiki huo mzee peke yake ndiye anayefaidi. Msimulizi wa Giono alitoka katika vita vilivyoua mamilioni, na Giono mwenyewe alikuwa askari katika vita hivyo. Kilichomrudisha kijana yule milimani baada ya kuona uharibifu wa namna hiyo kilikuwa haja ya kupumua hewa safi. Na alichokikuta kilikuwa mtu aliyeendelea na kazi moja wakati wote ule mizinga ilipokuwa ikilia. Mzee hakumpa mawaidha juu ya vita. Alimwonyesha miti ya miaka 10. Kijana aliyeambiwa kwa miaka 5 kwamba kazi ya mikono ya mwanadamu ni kubomoa alihitaji ushahidi wa kinyume, ushahidi unaoweza kuguswa. Hapana mtu wa rika lake aliyeweza kumpa, kwa kuwa rika lake lote lilikuwa limetoka katika mahandaki yaleyale.

Likizo ndefu i karibu, na wengi katika wasomaji wa kurasa hizi watasafiri kwenda kwao. Huko wako wazee walioendewa zamani kwa daftari na kinasa sauti, wakajibu kila walichoulizwa, na hata leo wanahesabu. Anayeweza na awapitie. Si lazima awe na swali. Na akimkuta mzee kazini, akataka kumsaidia, akakataliwa, basi na akae.