Kutoka Bunju Hadi Lushoto kwa Breki Mpya

Mjomba aliendesha malori ya Tunduma mpaka alipostaafu, na hapandi gari la mtu kabla hajalikagua. Aliposikia kwamba nataka kumpeleka harusini Lushoto, alivuta kigoda akaketi uani kwangu Bunju, akaniambia nitoe Toyota IST yangu getini, niirudishe, kisha nikanyage breki. Pedi zikalia. Usukani ukatetemeka.

"Mjomba," akasema, "kwa breki hizi kufika tutafika. Kurudi ndiko sikujui."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400, na kati yake ni kilomita 33 hivi za kona. Tukakubaliana kwamba breki za mbele tutazibadilisha wenyewe pale pale uani: yeye aelekeze, mimi nishike spana.

Vipuri nilivifuata Gerezani. Muuzaji hakujali gari ni la mwaka gani. Alitaka namba ya chesisi, kwa kuwa magari mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana ukubwa wa diski. Nikachukua diski mbili na seti nzima ya pedi. Breki hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, la sivyo upande unaoshika zaidi utalivuta gari kwake.

Jumamosi asubuhi tulilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, tukaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, tukapiga jeki, kisha tukaingiza stendi. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuegemezea roho yako," mjomba akaonya. Bolti za kalipa zilitaka spana namba 14. Zile zinazoshika kibebeo chake, namba 17, zilikataa katakata mpaka tulipochomeka bomba la chuma kwenye mpini. Kalipa nikaifunga kwa waya kwenye springi, maana ikiachwa inaning'inia, uzito wake wote hubebwa na mpira unaopitisha mafuta ya breki.

Diski kuukuu ilikuwa imegandiana na habu kwa kutu. Nilikwisha kuinua nyundo, mjomba akanionyesha matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni mwa diski. Toyota huyaweka kwa kazi hiyo hiyo: unakaza bolti mbili kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, na diski inajisukuma yenyewe mpaka itoke. Ilipotoka nilipitisha kidole ukingoni nikakuta tuta la chuma. Hapo ndipo pedi zilikuwa hazifiki. Kwingine kote chuma kilikuwa kimeshaliwa.

Habu tulilisugua kwa brashi ya waya mpaka likang'aa, kwa sababu punje ya kutu ikibaki nyuma ya diski mpya, diski itayumba na usukani utatetemeka tena. Diski yenyewe hutoka kiwandani imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, nayo lazima yasafishwe yaishe, kwani pedi ikinywa mafuta haishiki tena. Pistoni ya kalipa niliirudisha ndani polepole kwa klempu, jicho langu likiwa kwenye kikopo cha mafuta ya breki, ambacho hujaa kadiri pistoni inavyorudi. Pini nikazipaka grisi inayohimili joto.

Kazi ilipokwisha, mjomba hakuniruhusu kuwasha injini kabla sijakanyaga pedali. Mara ya kwanza ilizama mpaka chini, kwa kuwa pistoni ilikuwa bado mbali na pedi. Nikaendelea kukanyaga mpaka ikawa ngumu mguuni.

Safari tuliianza alfajiri, kwa njia ya Bagamoyo. Ukishaupita mji na kushika barabara ya Msata, magari hupungua, na hapo ndipo tulipozikalisha pedi. Nilipandisha mwendo hadi kilomita 60 kwa saa, nikapunguza kwa mkanyago mmoja thabiti hadi 20 bila kusimama, nikaliacha gari litembee breki zipoe, kisha nikarudia. Mwendo huo hupaka diski utando mwembamba wa pedi, sawasawa kila mahali. Ukisimama kabisa breki zikiwa za moto, pedi huacha doa pale ilipobana, na doa hilo utalisikia miguuni kila utakapopunguza mwendo. Harufu ya kuungua ilijaa ndani ya gari, kisha ikaisha. Pedali, ambayo kule Bunju ilikuwa kama inabembeleza, sasa ilikuwa inashika.

Wami tulivuka kwa daraja jipya, mjomba akilinyooshea kidole lile la zamani, jembamba, ambalo malori yalipita kwa zamu. Segera tukaacha njia ya Tanga, tukapita Korogwe na mashamba yake ya mkonge, tukafika Mombo. Kutoka hapo barabara inaukwea mlima, ukuta wa jiwe upande mmoja na korongo upande wa pili, ikipita Soni yenye maporomoko ya maji. Kupanda breki hazina kazi kubwa. Harusi ilifana, na baridi ya Lushoto ilitukumbusha kwa nini Wajerumani walipenda kukaa pale, wakapaita Wilhelmstal.

Kushuka ndiko nilikokwenda kujifunza. Gari lenye watu na mizigo, la kilo 1,200 hivi, likishuka mita 1,000 huachia nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji ya bomba. Lazima joto hilo liende mahali. Dereva asiyeondoa mguu kwenye breki hulipeleka lote kwenye diski na pedi, na kutoka huko linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yaliyochakaa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo.

"Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia," mjomba akasema tulipoiacha Lushoto. Nikaweka namba 2, injini ikanguruma na kulishikilia gari. Breki nikaziita kabla ya kona tu: mkanyago mmoja wa nguvu, kisha mguu juu. Pikapu ya kabeji iliyotutangulia ilikuwa imewasha taa nyekundu kona hata kona, na harufu yake ilitufikia hata vioo vikiwa vimefungwa. Nilipojua kilichomo ndani ya lile gurudumu, sikuweza tena kuendesha kama yule.

Mombo nilisimama kivulini, nikazikaza tena nati za tairi, nikachungulia diski katikati ya rimu. Zilikuwa za kijivu, sare kila upande, bila ile bluu ya chuma kilichoungua. Mjomba alikuwa tayari anapanga siku ya kufungua breki shuu za nyuma.

Basi lililotupigia honi tangu Soni lilitupita hapo, kondakta akiwa ametoa kichwa nje kutupa maneno yake. Tulilikuta kabla ya Korogwe, limesimamishwa na trafiki wenye tochi ya mwendo. Mjomba akashusha kioo, akawaamkia abiria wote.