Korosho chini ya ulimi? Subiri, mama

Mama mmoja wa Ruvu alisikia kuwa mzio hutibiwa kwa kuweka chini ya ulimi kiasi kidogo cha kile kinachomdhuru mtoto. Mwanawe akila korosho huvimba midomo. Akaitwanga, akamwita. Bibi akauliza: "Mwanangu, kipimo chake umekijua wapi?"

Mama akanyamaza. Tiba hiyo ipo kweli: mwaka 2014 Marekani iliidhinisha vidonge vya chavua ya nyasi. Lakini dozi yake hupimwa kiwandani, na ya kwanza hutolewa mbele ya daktari, kwani koo laweza kuvimba ghafla.

Aliosha kinu, akampeleka mtoto hospitali. Mzazi, usijaribu nyumbani. Mtoto akihema kwa shida, wahi hospitali.